TVZ mpaka ZBC kwa antena ya paa: huduma inastahili nini, na lawama ni ya nani

Ukipima ramani kwa rula, Bagamoyo iko karibu na Mji Mkongwe kuliko Makunduchi. Kukata bahari moja kwa moja kutoka Mjini hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 45. Hadi Makunduchi, ambako ni Unguja hiyo hiyo, ni kiasi cha 50, na Nungwi ni karibu hivyo hivyo. Dar es Salaam ni kama 73, na Chake Chake inafika 120. Mawimbi ya televisheni hayajui mkoa wala wilaya. Yanajua umbali, urefu wa mnara na kilichosimama njiani, na habari ya televisheni ya umma ya Zanzibar, tangu ikiitwa TVZ mpaka sasa ni ZBC, huwezi kuielewa bila namba hizo.

Tunachopima hapa ni huduma ya kituo cha nyumbani kama inavyomfikia mtu sebuleni kwa antena ya juu ya paa. Dishi tutaligusa mwishoni. Ya kwenye simu tunaiacha. Hukumu yenyewe ni hii: kwa mkaazi wa Mjini na sehemu kubwa ya Unguja, antena iliyofungwa vizuri bado inalipa kuliko njia nyengine yoyote, na makosa mengi anayobebeshwa mtangazaji yako kwenye mita 20 za mwisho za waya. Mengi, siyo yote. Kituo nacho kina ya kwake, na yanatambulika ukijua pa kutazama.

Rangi kabla ya Bara

Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuuawa Mzee Karume, Mzee Aboud Jumbe akiwa madarakani. Ilianza na rangi moja kwa moja, na kwa hilo hakuna aliyeitangulia kusini mwa Sahara. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na mali yake yote, haikuanza rasmi matangazo ya televisheni mpaka Januari 1976. Bara, serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa ni anasa, na kituo cha kwanza hakikurusha mpaka 1994. Miaka 21 Jamhuri ya Muungano ilikuwa na televisheni upande mmoja tu, ule wenye karafuu.

Kuanza na rangi kuliokoa gharama ya kununua mitambo mara mbili, ila kulileta kazi ambayo wenye nyeusi na nyeupe hawakuijua. Kamera za rangi za enzi hizo zilikuwa na mirija mitatu ndani, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Kabla ya kurusha lazima ziwashwe mapema zipate moto, kisha fundi azilinganishe picha tatu mpaka zikae juu ya moja. Zikipishana hata kidogo, ukingo wa kanzu nyeupe unapata mstari mwekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Kanzu na kofia nyeupe ndiyo mtihani mgumu kabisa kwa kamera ya mirija: taa zikiwa kali, weupe unafurika na kuacha mkia mtu akisogea, zikipunguzwa, uso wa msomaji unapotea gizani. Mpaka leo, kwa kamera za kisasa, mtaalamu wa taa wa pwani anapima mwanga wa uso kwanza, kanzu baadaye.

Watu wa Dar nao hawakukubali kuachwa. Zilisimamishwa antena ndefu juu ya magorofa na juu ya miti mirefu ili kuinasa TVZ kutoka ng'ambo ya bahari, na hesabu inaonyesha kwa nini urefu ndio ulioamua. Kanuni ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla ya kuzibwa na mviringo wa dunia. Mnara ukiwa wa mita 100 na antena yako iko mita 10 juu ya ardhi, unapata kilomita 54. Bagamoyo imo. Nungwi na Makunduchi zimo kwa shida. Dar haimo. Pandisha mnara uwe mita 150 na uweke antena juu ya gorofa, mita 20 hewani, unapata karibu 69, na hapo kilichobaki ni bahati ya hali ya hewa. Jioni za joto na utulivu, hewa iliyolala juu ya bahari huyapinda mawimbi yakafika mbali kuliko hesabu inavyosema, ndiyo maana picha ya leo ilikuwa safi na ya kesho chenga tupu bila mtu kugusa kitu.

Redio ndiyo kubwa kwa umri. Sauti ya Unguja ilianza 1951, baadaye ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na mwaka 2013 redio na televisheni ziliunganishwa zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Wazee bado wanasema TVZ na kila mtu anawaelewa.

Kilichobadilika na dijitali

Dar es Salaam ilizimwa mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Disemba 2012, na miji mengine ikafuata kwa awamu. Kwa mtazamaji, tofauti kubwa haikuwa uzuri wa picha. Ilikuwa ni namna picha inavyokufa. Analojia ilikufa pole pole: chenga kidogo, chenga nyingi, kivuli, lakini taarifa ya habari ulisikia. Dijitali inakuwa nzima mpaka dakika ya mwisho, halafu inaganda, inakatwa vipande kama vigae, na inatoweka. Mtu anayesema "jana ilikuwa safi kabisa, leo hamna kitu" anasema kweli. Jana alikuwa ukingoni bila kujua.

La pili ni mgawanyo wa kazi. Zamani kila kituo kilikuwa na mtambo wake na masafa yake. Sasa vituo vingi vinapanda gari moja: studio inatengeneza picha, inaipeleka kwa mwendeshaji wa multipleksi, naye anaiunganisha na za wenzake na kuirusha kwenye chaneli moja ya UHF, yale masafa ya televisheni, yenye upana wa megahezi 8. Kwa DVB-T2, mfumo wa kurushia dijitali kwa antena, gari hilo hubeba megabiti 30 na zaidi kwa sekunde. Chaneli ya picha ya kawaida ikipewa megabiti 2, zinaingia chaneli 15 bila kusukumana. Ikipewa 1, bado msomaji wa habari aliyekaa kimya anaonekana vizuri, lakini fungua mechi ya Kombe la Mapinduzi na majani ya uwanja yanageuka matofali ya kijani kila kamera inapogeuka. Hapo antena yako haina kosa, na busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, haitasaidia. Kituo kimebanwa kwenye biti.

Kabla ya kununua chochote

Tazama televisheni uliyonayo. Nyingi za flati zinazouzwa Darajani na Mlandege zina kipokezi cha T2 ndani, na imeandikwa kwenye boksi au kwenye kibandiko cha nyuma. Yaliyoandikwa ni lazima yawe T2. DVB-T peke yake, mfumo wa kabla yake, haitoshi. Hapa ndipo wanapoumia wanaoletewa televisheni na jamaa kutoka Uingereza: nyingi za zamani za kule zina DVB-T tu, zitaskani mpaka kesho zisipate kitu kwenye matangazo ya T2. Za kutoka Japani zina mfumo mwengine kabisa, na za Marekani mwengine tena, pamoja na tatizo la volti 110. Hizo zote si za kutupwa; zichomekee king'amuzi cha T2 kwa waya wa HDMI na zitafanya kazi kama skrini.

King'amuzi nacho kina aina mbili. Kipo cha wazi, kinachosoma chochote kisichofungwa, na kipo cha kampuni, kilichofungwa kisome mtandao wake tu. Usinunue kwa kuangalia boksi. Mwambie muuzaji akiwashe hapo hapo dukani kwa antena yake, kiskani, na chaneli unayoitaka ifunguke bila kadi na bila kuomba malipo. Akikataa, nenda duka la pili. Angalia pia adapta: vingi vinatumia volti 12 na ampia 1 au 1.5, na adapta dhaifu ndiyo inayosababisha king'amuzi kujizima na kujiwasha, hasa ukichomeka na flashi. Kikifanya hivyo hata kwa adapta nzuri, kwa kawaida kapasita ya kwenye sehemu ya umeme imevimba kichwa. Fundi yeyote wa redio anaibadilisha kwa muda wa kunywa chai.

Antena, waya na chumvi

Kwa aliye karibu na mnara, antena ndogo ya ndani inaweza kutosha, ila nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, na mabati ya paa yanaziba kama sufuria. Weka nje. Nunua antena ya UHF yenye vijiti vingi, elekeza ncha yenye vijiti vifupi kwenye mnara, na kabla hujakaza skrubu angalia za majirani: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Fuata hivyo hivyo. Kuilaza antena wakati mawimbi yamesimamishwa kunakunyang'anya nguvu nyingi kuliko unavyoweza kurudisha kwa busta.

Waya ndipo watu wanapojiibia wenyewe. Waya wa antena wa RG6 wa kweli hupoteza kiasi cha desibeli 17 kwa mita 100 kwenye masafa haya, kwa hivyo mita 20 zinakula kama 3.4, yaani zaidi ya nusu ya nguvu iliyokamatwa. Ule mwembamba unaopimwa kwa mita bila maandishi yoyote unaweza kula mara mbili yake, na kwa urefu huo huo inayobaki ni kama sehemu moja ya tano. Ukigawa kwenda televisheni mbili, kigawanyio kinachukua 3.5 nyengine. Kwa mtu wa Mjini hasara hizo si kitu. Kwa mtu wa Nungwi ni tofauti ya kuona na kutoona.

Kufunga konekta ya F, kile kichwa cha kuskrubu cha mwisho wa waya, ni kazi ya dakika mbili inayoharibiwa kila siku. Kata ganda la nje kiasi cha milimita 15. Kunja nyuma wavu wote wa waya, unywele mmoja usibaki mbele. Chuna plastiki ya ndani mpaka shaba ibaki uchi milimita 7 au 8. Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe ilingane na sakafu yake, kisha kaza. Unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba ya kati unafunga njia: busta inakosa umeme, taa ya adapta yake inafifia, na ubora unasoma sufuri ingawa antena ni mpya.

Halafu chumvi. Kwa nyumba zinazotazama bahari, Shangani, Forodhani, Mizingani, konekta iliyoachwa uchi haimalizi misimu mingi. Shaba inaota kutu ya kijani, maji yanaingia chini ya ganda na kuteremka ndani ya waya kama mrija mpaka nyuma ya televisheni. Zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ule unaovutwa; selotepu ya umeme ya kawaida inafumuka kwa jua. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini kidogo kisha upande, ili maji yadondoke kwenye kitanzi yasiufuate ndani. Kila kabla ya masika fungua boksi dogo la antena, sugua skrubu kwa msasa laini, rudisha. Ukiwa huko juu, tikisa nguzo. Antena inayocheza na upepo wa kusi inakupa televisheni inayokatika kila upepo ukivuma, na watu wanasema "mnara umepata hitilafu".

Kuhusu busta, wengi wanaiweka nyuma ya televisheni, mahali ambapo haina faida: inakuza kilichobaki baada ya waya kula, pamoja na kelele zote zilizookotwa njiani. Mahali pake ni juu, karibu na antena kabisa, na umeme wake unapandishwa kwa waya huo huo. Na aliye karibu na mnara asiiweke. Mawimbi yakiwa makali kupita kiasi kipokezi kinazibwa masikio na chaneli zinapotea zote kwa pamoja. Mtu anaona hana mawimbi, anaongeza busta kubwa zaidi, anazidisha ugonjwa. Jaribio lake ni rahisi: itoe kabisa, skani upya.

Kuskani bila kubahatisha

Skani ya jumla inatosha kwa wengi. Ikikosa, tumia ya mkono. Kwenye menyu weka upana wa megahezi 8, mfumo T2, na namba ya chaneli ya UHF unayoitafuta. Namba hizo zina mpangilio: chaneli 21 ni megahezi 474, na kila namba inayofuata unaongeza 8, hivyo 30 ni 546 na 48 ni 690. Menyu itaonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Zungusha antena pole pole, kila nyuzi 10 simama sekunde tano, kwa sababu kipokezi kinachelewa kujibu. Macho yawe kwenye ubora. Nguvu inaweza kusoma 90 na ubora 20, na hapo unakamata kelele, au mwangwi kutoka kwenye jengo kubwa. Ubora ukikaa juu ya 60 mchana na usiku, umemaliza. Ukicheza kwenye 40, picha utaipata leo na siku ya mvua au joto utaikosa.

Kama antena yako inahitaji umeme kutoka kwenye king'amuzi, kuna mahali pameandikwa nguvu ya antena, volti 5, iwashe. Kama antena ni ya kawaida, iache imezimwa.

Lawama ni ya nani

Hapa ndipo ukaguzi huu unapoanza kumfaa mtu. Picha ikiharibika, badilisha chaneli kabla hujapanda paa.

Chaneli zote zikipotea kwa pamoja, anza na wewe: waya, busta, adapta. Kama jirani naye hana, tatizo liko mnarani. Zikipotea chaneli za kundi moja tu, zile zinazoshea namba moja ya UHF, na za kundi jengine zipo, uwezekano mkubwa ni mtambo wa mwendeshaji wa multipleksi, ingawa antena iliyo ukingoni nayo hupoteza masafa mamoja na kuacha mengine. Ikipotea chaneli moja peke yake huku wenzake wa gari moja wako hai, hakuna chochote cha kufanya juu ya paa. Njia kati ya studio na multipleksi imekatika, na kumpigia fundi ni kumpa pesa ya bure.

Sauti kushuka kipindi kimoja na kupanda kwenye tangazo linalofuata ni kosa la studio, hakuna aliyesawazisha viwango. Midomo kutangulia sauti kwenye chaneli moja ni la enkoda, mashine ya kituo inayobana picha na sauti. Midomo kutangulia sauti kwenye chaneli zote ni la nyumbani: spika uliyoongeza inachelewesha, rekebisha kwenye menyu yake.

Na lipo moja la kuchekesha. Televisheni ya chogo iliyounganishwa na king'amuzi kwa ile waya ya njano inaonyesha picha ya kijivu, wakati mwengine inapanda juu. Kuna mifumo miwili ya rangi: king'amuzi kimewekwa NTSC, chogo inajua PAL tu. Ingia kwenye menyu ya picha, chagua PAL, rangi inarudi. Kituo kilichotoka na rangi tangu 1973 kinaonekana cheusi na cheupe kwa sababu ya kitufe kimoja cha rimoti. Ndugu yake ni ule upana: kanda za zamani za taarabu zilirekodiwa kwa umbo la mraba-mraba, 4 kwa 3, na flati inazivuta zijaze 16 kwa 9 mpaka mpiga kanuni anakuwa mnene na fidla imelala. Kitufe cha uwiano kipo kwenye rimoti; kibonyeze mpaka mistari miwili myeusi itokee pembeni, na uiache ilivyo.

Ndani ya kituo: umeme, kanda na sekunde

Kituo cha kisiwani kina adui wake wa kwanza, nao ni umeme. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kebo ya zamani ilipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013. Kwa kituo chochote cha mahali kama hapo, jenereta ni sehemu ya mtambo, sawa na kamera. Jenereta haiwaki papo hapo, inachukua sekunde 10 hadi 30 kushika mzigo, na katikati hapo ni lazima UPS, ile betri ya akiba, ibebe swichi ya picha, kompyuta za kurushia na enkoda. UPS yenye betri zilizochoka inaonekana kwa mtazamaji hivi: umeme ukikatika mtaani picha inapotea nusu dakika, inarudi nembo, halafu kipindi kinaanza tena mwanzo au katikati. Betri za namna hiyo kwenye joto la pwani hazifiki umri ulioandikwa kwenye karatasi.

Adui wa pili ni unyevu, na mwathirika wake ni maktaba. Utangazaji wa miaka ya 70 mpaka 90 uliishi kwenye filamu ya milimita 16, kisha kanda za U-matic na Betacam. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye kanda hunyonya maji kutoka hewani. Baada ya miaka inakuwa nata, kanda inalia kama mlango mkavu ikipita kwenye kichwa, na inaacha unga wa kahawia unaoziba kichwa chenyewe. Kanda ya namna hiyo haichezwi kwanza ikaangaliwa. Inakaushwa kwa joto dogo la nyuzi 50 na kidogo kwa saa nane au zaidi, inapozwa, inachezwa mara moja na kunakiliwa hapo hapo, kwa sababu wiki chache baadaye unyevu unarudi. Chumba cha kuhifadhia kinatakiwa kiwe baridi ya nyuzi 18 hivi na kikavu, kazi ngumu kwa kisiwa na ghali zaidi jenereta ikiwa inanguruma. Ukiona taarabu ya zamani kwenye skrini ina mistari ya mlalo inayoruka chini ya picha, hicho ni kichwa kichafu au kanda iliyovutika, na aliyeinakili hakuwa na nafasi ya pili.

Kwa maudhui tuseme wazi: kituo cha umma kina uzito wake na uchovu wake. Vituo vya serikali vya ukanda huu vyote vina mazoea ya kufungua taarifa ya habari kwa ziara za viongozi, na anayetaka mjadala mkali atautafuta kwengine. Lakini sherehe za Januari 12, Baraza la Idd, vikao vya Baraza la Wawakilishi na usiku wa taarabu, hayo mtu wa Unguja anakwenda kuyatafuta kwa watu wake kwanza, kwa Kiswahili kisichohitaji kutafsiriwa.

Jambo la sekunde linawasumbua wengi Ramadhani. Adhana ya Magharibi ya kwenye televisheni ya dijitali haifiki kwa wakati ule inapoadhiniwa. Enkoda inahitaji muda wa kubana picha, multipleksi muda wa kupanga, king'amuzi chako muda wa kufungua; ukijumlisha ni sekunde kadhaa, na kwa dishi ongeza robo sekunde kwa kila safari ya kwenda setilaiti na kurudi. Hiyo haiharibu futari, inachelewesha tende tu. Kwenye mpira ndiyo balaa: mwenye redio ya FM barazani anapiga kelele ya goli wakati mshambuliaji wako bado anauchukua mpira katikati ya uwanja. Hakuna mpangilio wa king'amuzi unaoondoa hilo.

Dishi au antena

Kwa Pemba na kwa vijiji vilivyofichwa nyuma ya vilima, hesabu ya kilomita inaamua: kama hakuna mnara wa kurudishia matangazo unaokufikia, usipoteze pesa kwenye nguzo ndefu. Dishi dogo la Ku, aina ya masafa ya setilaiti, linalotazama setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, ile inayotumiwa na Azam, linaelekezwa magharibi likiinamia kaskazini kidogo, nyuzi 280 hivi, na mwinuko wa nyuzi 52 kutoka upeo wa macho. Linashika popote lenye mbingu wazi upande huo. Udhaifu wake ni mvua kubwa ya masika, inayoikata Ku kwa dakika kadhaa wakati antena ya UHF haijali, na ada ya kila mwezi.

Udhaifu mwengine ulionekana 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipoagiza chaneli za bure za ndani ziondolewe kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia, hoja ikiwa leseni za kampuni hizo za dishi hazikuruhusu kuwatoza watu kwa kitu cha bure. Wenye dishi peke yake waliamka wamekosa vituo vya nyumbani. Mwenye antena hakuhisi kitu. Kwa hiyo hata ukiwa na dishi, acha ile antena ya zamani paani na waya wake uchomekwe kwenye tundu la pili la televisheni.

Ukishafunga na kupata picha, chukua penseli uandike nyuma ya king'amuzi namba ya UHF, ubora uliosoma, na tarehe. Siku itakapoganda, linganisha: kama ubora ni ule ule, rudi ukakae, kama umeshuka kutoka 75 hadi 45, chukua ngazi na msasa.